Betri Mbili za Boti ya Chumvi

19 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha leo, kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi kwa ncha ya kidole. Wanaume wa hapa mwaloni, boti zinapotia nanga, walitoka nje kuitazama, kisha wakarudi ndani kuijadili.

Conjesta ameleta betri ya akiba ya boti, ameifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira. Msimu wa chumvi umefungwa. Kiangazi kizima boti yake imevusha chumvi ya Ivuna kwenda ng'ambo ya Ziwa Rukwa. Sasa mashimo ya chumvi yanajaa maji na boti inapumzika. Betri nyingine imebaki humo botini, inaendesha pampu ya kutoa maji. Tutazibadilisha kama walinzi wa zamu: moja kazini, moja kwangu ikishiba sola ya juu ya bati langu.

"Mama Ikupa," ameniambia, "ng'ombe wote wa marehemu mume wangu wamekuwa hiki, na kile kilichoko majini. Usikiache kikalala njaa."

Nimeiweka kwenye ubao, mbali na jiko, nikaipaka grisi vichwani. Mimi si fundi. Nilijifunza umeme kwa kuharibu redio za watu, na wale ambao redio zao bado zinaimba ndio wanaosema ninajua.

23 Novemba

Boti haikutakiwa kukaa majini masika yote. Ni ya mbao, ndefu, injini yake ya dizeli imefungwa tumboni na haitoki, na ubavu mmoja unavuja kama pua ya mtoto. Mwaka jana ilivutwa hadi nchi kavu na trekta la mkandarasi wa barabara. Mwaka huu mkandarasi hayupo, na barabara nayo haipo sana. Waliobaki wa kuivuta ni maksai wa Bugalama.

Bugalama ni kaka wa marehemu mume wa Conjesta. Siku mjane alipouza ng'ombe anunue boti, Bugalama alisema mbele ya watu: "Ng'ombe akifa unakula nyama. Boti ikifa unakula nini?" Watu walicheka. Nami nilicheka, maana sentensi ilikuwa nzuri. Anataka Conjesta ahamie kwenye kaya yake, akae chini ya uangalizi wa ndugu wa mume. Conjesta anasema uangalizi huo anaujua: unaanza alfajiri, kwa kukamua ng'ombe ambao si wako.

Boti ikiwepo, haendi. Boti isipokuwepo, hana pengine pa kwenda, kwani kijana wake Manase yuko machimboni Chunya na hajapiga simu tangu Pasaka.

28 Novemba

Conjesta amegoma kwenda kuomba maksai. "Akitaka kunisaidia, anajua ziwa lilipo." Nimekwenda mimi.

Bugalama alinipokea vizuri. Mkewe Jenista akaleta mtindi mzito, wa kukata kwa kijiko. Nikanywa, nikasifu, nikazunguka mbali kama tunavyofanya kwetu Itaka, ambako mtu anayekuja kuomba jembe huanza kwa kuulizia kahawa. Mwisho nikafika kwenye boti.

"Maksai wanalima, mama Ikupa."

"Naona, baba. Na wakimaliza?"

"Wakimaliza tutaona. Maksai ukimkatiza kazi anakosa adabu mwaka mzima." Akatazama upande wa ziwa, ambalo kutoka kwake halionekani. "Bado inaelea?"

"Inaelea."

"Haya," akasema, akacheka na kibuyu chake.

Mtu wa namna hii ningempa mtindi wenye nzi.

2 Desemba

Mvua.

3 Desemba

Mvua. Bati linapiga kelele hadi sisikii mawazo yangu, na si hasara kubwa.

6 Desemba

Niandike jinsi pampu inavyofanya kazi, ili nikifa kwa malaria mwingine asikorofishe. Ndani ya boti, chini kabisa, kuna boya dogo. Maji yakipanda, boya linapanda, pampu inajiwasha, inatapika maji nje ya ubavu. Yakishuka, inajizima. Kazi safi kuliko ya watu wengi ninaowafahamu. Lakini inakula betri, na betri inakula jua.

Hapo ndipo pana uovu wa jambo hili. Mvua inayojaza boti ndiyo hiyo hiyo inayoficha jua. Siku ambayo pampu inafanya kazi sana, sola haifanyi chochote. Ingekuwa ni mtu kapanga hivyo, tungemshtaki.

Kuchota kwa ndoo tunachota, mchana. Ziwa limepanda, gati la mbao limezama, boti imefungwa kwenye nguzo zake ambazo sasa ziko katikati ya maji, unaifikia kwa mtumbwi. Jua likizama hakuna anayesogea huko. Mamba wa Rukwa hawahitaji maelezo.

9 Desemba

Mawingu.

10 Desemba

Mawingu, na wageni wenye simu. "Mama Ikupa, hii moja tu, inakula nini?" Nimewaambia sola ni ya mgonjwa. Mmoja akauliza mgonjwa yuko hospitali gani.

14 Desemba

Jua, kutwa nzima. Betri ya akiba imejaa, taa ya kijani. Nimeipeleka kwa mtumbwi pamoja na Conjesta, tukairudisha iliyochoka. Alikuwa anaimba anapiga kasia. Mara ya kwanza namsikia akiimba nje ya kanisa, na sasa najua kwa nini kanisani wanamweka nyuma.

18 Desemba

Nimekutana na Bugalama mashineni, anasagisha. "Bado inaelea?" Mbele ya wanawake wote. Nikamwambia inaelea vizuri kuliko unga wake, ambao ulikuwa na wadudu. Wanawake wakafurahi. Yeye akatikisa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyepewa jibu la nusu.

Kulima kumekwisha. Sasa anasema matope ni mengi, maksai watavunjika miguu.

23 Desemba

Mwinjilisti Zabron amekuja kuomba betri ya akiba. Kwaya ina spika mpya na Krismasi ni keshokutwa, umeme wa Ivuna unakuja na kuondoka kama mkwe.

Nilisema hapana. Nilisema hapana mara ya pili kwa sauti ya upole, ambayo ni kosa. Akaniambia nikamuulize mwenyewe. Nikaenda, nikiwa na hakika Conjesta atakataa.

Conjesta akafuta mikono kwenye kanga. "Siku ya msiba wa mume wangu kwaya iliimba mpaka kulipokucha. Mwenzangu, nitawanyimaje?"

"Kwa mdomo. Unasema, siwapi."

"Wewe ndiye una mdomo huo."

Basi, betri imeondoka. Ninawaza kwamba katika nchi hii kitu chenye chaji hakiwezi kuwa cha mtu mmoja. Atakayekuwa na mwanga atauazima, la sivyo atazikwa na watu wachache.

25 Desemba

Kwaya imeimba. Spika imesikika hadi ng'ambo, nadhani. Nilikaa kanisani nikihesabu nyimbo badala ya kuziimba, na kila ubeti nikaona betri ikipungua.

27 Desemba

Ee Mungu wangu.

Zabron ameirudisha betri. Imeoshwa, imefutwa, imefunikwa kitambaa. Aliibeba kwa mikono miwili kama sahani ya sadaka. Akasema, "Mama Ikupa, tumeimaliza kidogo nguvu, lakini hatuwezi kukurudishia chombo cha watu kikiwa kitupu. Tumeijaza."

"Mmeijaza nini?"

"Maji. Yalikuwa yamepungua humo ndani. Tumeijaza mpaka juu."

"Maji ya wapi, mwinjilisti?"

"Ya kisima chetu," akasema, kwa fahari.

Kisima cha kanisa. Kisima ambacho chai yake haihitaji chumvi wala samahani. Huku kwetu ardhi yote imeungwa chumvi, ukichimba choo unapata mchuzi. Na huyu mtu mwema, aliyefundishwa na mama yake kwamba bakuli la jirani halirudi bila hata viazi viwili, amefungua vifuniko vyote vya betri, kimoja kimoja, akavijaza.

Ameniletea betri tupu iliyojaa.

Sikuweza kumgombeza. Uso wake ulikuwa unasubiri asante. Nikampa.

28 Desemba

Nimeimwaga yote kwenye shimo, nikaisuuza kwa maji ya mvua, nikaitia asidi niliyokuwa nimebakiza kwenye chupa, haikufika hata nusu. Nikaongeza maji ya mvua. Nikaiunganisha na sola, mawingu yakiwa mepesi. Taa ya kijani imewaka upesi mno, kama mwanafunzi anayenyosha mkono kabla swali halijaisha.

Nimeunganisha balbu. Imewaka vizuri. Nikaenda kuteka maji, niliporudi balbu ilikuwa nyekundu kama jicho la mlevi, kisha ikafumba.

Nimemwambia Conjesta. Akauliza kama kwaya wanajua. Nikasema hapana. "Usiwaambie," akasema. "Zabron ataomba radhi madhabahuni, tutakaa kanisani mpaka jioni."

2 Januari

Mwaka mpya, mvua ya zamani.

Utaratibu sasa ni huu. Betri nzima inakaa botini. Siku ya jua tunaitoa asubuhi kuichaji, tunamwachia zamu mgonjwa wetu wa chumvi, na kabla ya jioni tunairudisha nzima. Mgonjwa anaweza kusukuma pampu saa chache. Jua lisipotoka, hatuitoi, tunachota kwa ndoo na kuomba.

11 Januari

Tumebeba betri nzima kwa bodaboda hadi Ivuna kwenye duka la kuchaji simu, huko kuna umeme. Dereva alinitoza nauli ya abiria wawili, akasema mwenzangu ni mzito. Tulipofika, nguzo za umeme zimeangushwa na mto. Mwenye duka mwenyewe alikuwa amekaa gizani akiuza mishumaa.

Tumerudi nayo.

15 Januari

Mume wangu Lusubilo amepiga simu kutoka Tunduma, anakopakia magari mpakani. Siku hizi akinipigia anaanza na "Mulishani, mama?" ili nijue anafanya kazi na Wazambia. Nikamwambia habari za betri. Akasema ziko nyingi, za malori, nzito, karibu mpya. Atanunua moja na kuituma na fuso la mahindi.

Nilimwambia Conjesta. Amelala mchana kwa mara ya kwanza tangu Desemba.

22 Januari

Betri ya Lusubilo imefika Chitete. Kutoka Chitete kuja huku barabara imekatika. Iko kwenye duka la mtu, chini ya meza, anasema anaiangalia.

23 Januari

Bado iko Chitete.

30 Januari

Chitete.

4 Februari

Bugalama amesimama ufukweni leo, peke yake, na fimbo yake mabegani. Ametazama boti muda mrefu. Nilikuwa nafua karibu, akanisalimia kwa heshima.

"Bado inaelea," akasema. Safari hii halikuwa swali.

"Inaelea, baba. Lakini tumechoka."

"Naona. Amekonda sana huyu mama." Akaondoka bila kucheka.

Sijui. Labda nimekuwa nikimsoma vibaya. Mtu anayedhihaki hatembei mwendo ule wote kwenye matope kuja kudhihaki mbele ya mfuaji mmoja. Labda hii ndiyo namna yake ya kuogopa.

9 Februari

Nimemsukuma Conjesta hadi amekubali. Amekwenda kumwomba mwenyewe, amevaa kitenge cha kanisani. Amerudi jioni. Nikamuuliza.

"Wamechinja kuku."

"Na maksai?"

"Amesema matope yakikauka kidogo tu, wiki ijayo. Amesema, 'Shemeji, kwani sisi ni maadui?' Jenista akanifungia nyama ya kuja nayo." Akaweka fungu la nyama mezani, hakulifungua. "Amenijibu kwa adabu, Mama Ikupa. Miaka yote hajawahi kunijibu kwa adabu. Naogopa."

Nikamwambia acha woga, kula. Tukala. Kuku alikuwa mzuri.

17 Februari

Matope hayajakauka. Pia maksai mmoja anachechemea.

20 Februari

Mvua tangu juzi bila kupumzika. Conjesta anachota, mimi nachota, binti yangu Ikupa anachota akitoka shule. Viganja vyangu vimekuwa kama vya kobe. Hatuzungumzi botini. Leo Conjesta alisema neno moja tu, kwa boti, si kwangu: "Kunywa taratibu."

26 Februari

Homa. Vidonge.

29 Februari

Tarehe ambayo haikulazimika kuwepo, na mvua ikaitumia.

3 Machi

Betri nzima imeshuka sana, nimeipima. Ikishuka zaidi ya hapo hata jua likija haitanyanyuka. Lazima itolewe ichajiwe siku ya kwanza ya jua. Chitete wanasema lori litajaribu.

7 Machi

Jana sikuandika. Leo naandika yote, maana sina kazi nyingine.

Jana asubuhi kulikucha kweupe. Anga lilikuwa la bluu, limefuliwa, hakuna hata wingu la kupigia picha. Conjesta alisimama mlangoni kwangu.

"Tuitoe?"

Nikatoka nje. Nikatazama mashariki, nikatazama upande wa Ivuna, nikanusa upepo kama mtu anayejua. "Tuitoe," nikasema. "Leo inashiba."

Tukaenda, tukaichomoa nzima, tukamfunga mgonjwa wetu. Pampu ikajiwasha, ikatapika, ikajizima. Tukarudi. Sola ikapokea jua kali ambalo halijaonekana hivyo tangu Desemba. Nilikaa karibu na betri kama mtu anayechemsha maziwa. Mchana nilipika ugali na kambale, Conjesta akala mara mbili. Akazungumzia kiangazi: atabadilisha zile mbao za ubavu, atapaka rangi, ataiandika jina. Nikamuuliza jina gani. Akasema bado, majina mazuri yote yameandikwa kwenye mabasi.

Tulipanga kuirudisha betri jua likianza kulala. Kabla halijaanza, upepo ukaja kutoka ziwani, wa ghafla, ukabeba sufuria langu hadi kwa jirani. Nyuma yake wingu jeusi, chini sana, kama mtu amefungua mlango wa tanuri la chumvi. Tukabeba betri mbio, mimi upande mmoja, yeye mwingine, inatugonga magotini. Ufukweni mawimbi yalikuwa makubwa. Conjesta akaingia mtumbwini hivyo hivyo. Ukapinduka kabla hajashika kasia. Nikamvuta nje, akaingia tena, ukapinduka tena. Zabron alikuwepo, amekuja kufunga mitumbwi ya wanawe, akamshika kiuno.

"Mama Manase, acha. Kitu ni kitu tu."

"Niachie, mwinjilisti!"

"Sikuachii. Mamba wakikubeba nitazika nini?"

Tukasimama kwenye mvua na betri iliyojaa chaji, tukitazama boti hatua chache kutoka kwetu. Pampu ilikuwa inafanya kazi. Tuliona maji yakiruka ubavuni, mkondo mweupe, yakakatika, yakaruka tena. Mgonjwa alijitahidi. Siwezi kumsema vibaya. Alisukuma muda mrefu kuliko nilivyomdhania. Kisha mkondo ukawa mwembamba, kisha ukawa matone, kisha giza likaingia na hatukuona tena.

Asubuhi hii imebaki ncha ya mbele, juu ya maji, na kamba. Ndege mmoja mweupe alikuwa amesimama juu yake.

Nilidhani Conjesta atalia. Alikaa kwenye mchanga, akavua viatu, akavigonga matope. "Leo sitachota," akasema.

Kwa hiyo ndivyo ilivyozama: siku ya jua, kwa ushauri wangu.

7 Machi, jioni

Naendelea, kwa sababu kuna jambo zuri na lazima niliandike pia.

Kabla ya saa nne Bugalama alifika. Hakuitwa. Alikuja na jozi zote za maksai, na vijana wake, na kamba, na minyororo. Alivua shati akaingia majini hadi kifuani, mahali ambapo vijana wake walikuwa wanaogopa mamba, akafunga mnyororo kwenye shingo ya boti kwa mikono yake. Kisha akapiga mluzi. Maksai wakainama. Watu wote wa mwalo wakashika kamba, Zabron akiwaimbisha, hata wale wa simu. Nami na homa yangu nikashika.

Ilitoka. Taratibu, ikimwaga matope, ilitoka hadi kwenye nyasi. Watu wakapiga vigelegele, kisha wakaviacha, maana ubavu ulifunguka wote kwa mvuto, mbao zikaning'inia, na injini ilikuwa na tope hadi kooni.

Bugalama alisimama anatweta, damu kwenye kiganja. Akamwambia Conjesta, "Pole, shemeji. Pole sana." Sauti yake ilikatika. Nimeisikia kwa masikio yangu.

Nimemkosea huyu mtu kwenye kurasa hizi. Nilimwandikia nzi kwenye mtindi. Ana kiburi, ndiyo, alitaka kuombwa vizuri, lakini siku ya siku ni nani mwingine aliyeingia majini? Nimeona haya.

12 Machi

Fundi wa injini amekuja kutoka Vwawa, ametembea kipande kikubwa kwa miguu. Ameifungua, ameitazama, ameifunga. Akasema kuna watu wananunua vyuma chakavu.

19 Machi

Betri kutoka Chitete imefika. Ni nzuri sana. Nimeipima, ina nguvu kuliko sisi sote.

31 Machi

Pasaka. Bugalama ametoa ng'ombe mmoja kwa kanisa, watu wale nyama. Zabron amemshukuru kwa jina kwenye ibada. Conjesta alikaa karibu na Jenista. Manase amepiga simu, kwa simu ya mtu, akauliza kama mama yake anaweza kumtumia chochote.

6 Aprili

Kumekauka. Wanawake wameanza kusafisha mashimo ya chumvi. Mwaka huu tutabeba kwa kichwa hadi barabarani, kama zamani. Nilimwambia Conjesta aje tuwe shimo moja, tugawane. Akasema asante. Akasema shemeji yake amemtumia ujumbe, kwa heshima, kwamba mjane hawezi kubeba chumvi kichwani na ndugu wa mume wapo.

"Na wewe unasemaje?"

"Nitasemaje? Alikuja na maksai mbele ya watu wote. Nikikataa sasa, nitakuwa mtu gani?"

Mimi ndiye niliyemsifu kuliko wote.

14 Aprili

Leo amehamia. Nimemsindikiza. Mkokoteni ulibeba kitanda, sufuria, sanduku, mbuzi mmoja. Njia kavu, maksai wanatembea vizuri, hakuna anayechechemea. Conjesta alitembea mbele yangu bila kugeuka. Nilijaribu mzaha mmoja kuhusu mbuzi. Alicheka kwa ajili yangu.

Jenista alitupokea uani, akapiga goti kwa adabu. Bugalama akaja, safi, na kanzu, akasema, "Karibu nyumbani, shemeji. Mahali pako ni pale."

Nyuma ya zizi kulikuwa na nyumba. Nilidhani tutaingia kwenye chumba cha mtu, au tutakuta vijana wanachimba msingi. Ilikuwa nyumba nzima, imekwisha, ina mlango na komeo. Nikasema, "Mmefanya haraka," na ndipo nikaitazama vizuri.

Nyasi za paa zilikuwa za kijivu. Si za njano, kama nyasi za mwezi huu au mwezi jana. Zimelowa mvua nyingi, zimelala. Chini ya ukuta matone ya paa yalikuwa yamechimba mfereji, na kwenye mfereji majani yalikuwa yameota, yamekua, yametoa mbegu. Nguzo za ukumbini nene, za msituni mbali. Nguzo hizo hazikuja kwa miguu. Nilikumbuka maksai waliokuwa wanalima, na matope, na aliyechechemea. Nyumba hii imenyeshewa masika yote, tangu mwanzo. Ilikuwa imesimama hapa, tupu, huku sisi tunachota.

Nilimtazama Bugalama. Aliniona ninatazama paa. Hakuona haya hata kidogo.

"Nilijua atakuja tu," akaniambia taratibu, kama anayenipa habari njema. "Mtu mzima anajiandaa, mama Ikupa."

Na nadhani alikuwa anasema kweli. Nadhani alijenga kwa upendo, jinsi anavyouelewa.

Nikaingia ndani kumsaidia Conjesta. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, chandarua mkononi, anatazama juu. Sijui aliona nini njiani, nyasi au mfereji. Msumari wa kutundikia chandarua ulikuwa umeshapigwa kwenye boriti, mahali hasa pa kitanda cha mtu mmoja. Alinyosha mkono akaufikia, na kutu ikabaki kwenye vidole vyake.